Usisaini Ukiwa na Njaa: Kuiandaa Nyumba kwa Siku Ngumu

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye darasa la vijana la tawi letu, Mbagala, Jumamosi iliyopita. Wengi mmeomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa tu sehemu tuliyobishana kuhusu spika.)

 

Katibu aliponiomba nije nizungumzie uchumi wa nyumbani, kamanda mmoja akaandika kwenye grupu: "Kwani sisi ni chama cha siasa au kikoba?" Nilicheka, ila swali lake ni la haki kabisa. Tumezoea kwamba anayesimama kutuambia tubane matumizi ndiye yule yule aliyetubana. Julai 2021 walituletea tozo kwenye miamala ya simu, tukaambiwa ni uzalendo. Agosti 2022 petroli hapa Dar ikapita shilingi 3,400 kwa lita, na hapo serikali ilikuwa tayari inatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Kila mara jibu ni moja: mwananchi ajiongeze.

Mimi sijaja kuwaambia mjiongeze. Nimekuja kuwaambia nilichokiona nyumbani kwetu. Nyumba yako ikiyumba, hakuna waziri atakayekuja kukaa sebuleni kwako akupe pole. Na nyumba yako ikisimama, bado waziri ana maswali ya kujibu. Hayo mambo mawili tusiyachanganye.

Nianze na siku zile za mwisho wa Oktoba 2025. Mambo yaliyotokea mnayajua, na wapo humu waliopoteza ndugu, sitayagusa kwa haraka haraka. Mimi naomba mkumbuke kitu kimoja tu: ndani ya nyumba yako kulikuwa na nini? Intaneti imezimwa. Kuanzia saa 12 jioni hakuna kutoka. Maduka yamefungwa. Sisi kwetu ni watu wanne: mama, mimi, kaka yangu wa bodaboda, na mdogo wetu wa darasa la sita. Usiku wa kwanza mama akatuita tuhesabu. Kwenye simu kulikuwa na 64,000. Taslimu, 12,000. Unga kilo mbili, mchele nusu kilo, maharage ya biashara, mkaa wa siku mbili hivi. Wakala wetu alikuwa amefunga, na hata angefungua asingekuwa na noti za kumpa kila mtu. Mangi alipofungua kidirisha kwa saa moja asubuhi, mchele wa 2,800 ulikuwa 4,000. Na anataka taslimu.

Kwa hiyo ile 64,000 ilikuwa yetu, tunaiona, lakini hailiwi.

Tulikula maharage ya biashara. Mama ni mama ntilie, yale maharage ndiyo mtaji wenyewe. Siku zilipotulia tukawa wazima, hatukulala njaa, namshukuru Mungu. Ila mtaji tulikuwa tumeshautafuna. Na hapa ndipo habari yangu inapoanzia, kwa sababu wiki ile haikutuangusha. Kilichotuangusha ni kile mama alichokifanya wiki iliyofuata ili asimame upesi.

Alikwenda kukopa kausha damu. Naona mnaguna, mnawajua. Alipewa 300,000. Marejesho 15,000 kila siku kwa siku 26. Mama akapiga hesabu ya elfu kumi na tano akasema mbona naiweza, siku nzuri mimi napata zaidi ya hiyo. Hakuzidisha. Ukizidisha ni 390,000. Riba ya 90,000 chini ya mwezi mmoja, yaani asilimia 30. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa namna hii ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 ni shilingi 10,500. Basi. Kati ya 10,500 na 90,000 kuna kodi ya mwezi mzima ya vyumba vyetu viwili.

Akasaini karatasi moja yenye mistari mitupu, ile ya "mali zinazowekwa dhamana" haikujazwa. Na akasaini nyingine, akimdhamini jirani yake ambaye alikopa siku hiyo hiyo, maana afisa aliwaambia mnadhaminiana, ni utaratibu tu. Jamani, mimi nilikuwa chumba cha pili najisomea mtihani wa sheria ya mikataba. Sikutani. Nilisikia anaongea na jirani, nikaongeza sauti ya redio.

Jirani alishindwa siku ya 9. Wakaja vijana watatu na kirikuu. Walibeba friji yetu na televisheni kwa deni la jirani, na ile karatasi yenye mistari mitupu sasa ilikuwa imejazwa vizuri kabisa, kwa mwandiko ambao si wa mama. Mama alisimama mlangoni ameshika khanga mdomoni. Mdogo wangu alikuwa akiwasaidia kufungua geti, alidhani ni mafundi.

Nimewaeleza haya ya ndani kwetu, na mama kaniruhusu, kwa sababu mtu akisikia "jiandae na hali ngumu" anawaza magunia ya mchele. Magunia sawa. Lakini nyumba za watu wa kipato chetu haziangushwi na wiki ya njaa. Zinaangushwa na kitu kilichosainiwa wiki ile ya njaa. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba siku ikifika huna sababu ya kusaini kwa haraka, na kama utasaini, unajua unasaini nini.

Sasa basi, sheria kidogo. Sitawachosha.

Kudhamini. Kwa sheria yetu ya mikataba, mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji. Haitakiwi wamalizane kwanza na jirani ndipo waje kwako. Isipokuwa mkataba useme vinginevyo, wanaweza kuanza na wewe. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka sahihi tu, ni utaratibu", ujue anakukopesha wewe bila kukupa hela. Ukitaka kumsaidia jirani, mpe 10,000 ambayo uko tayari kuisahau. Ni nafuu.

Kubebewa vitu. Kama si kitu ulichokiweka rehani mwenyewe kwa maandishi, anayekudai hana mamlaka ya kuingia kwako akajichukulia. Aende mahakamani, ashinde, kisha dalali wa mahakama aje na amri mkononi. Na hata huyo dalali, kwa deni la kawaida, kuna vitu sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inamkataza kugusa: nguo zenu, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Wakija, usipigane nao. Omba amri uione, piga picha, muite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, andika kila kinachotoka. Sisi hatukufanya hata kimoja. Tulilia tu.

Nyumba ya ndoa. Hapa nawalenga makamanda wanaume, na mama zangu msikilize zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema mwenza mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Haijalishi hati ina jina la baba peke yake. Lakini ridhaa mnaijua inavyopatikana: baba anakuja usiku na fomu, "hebu weka dole gumba hapa, ni mambo ya benki". Mama zangu, hilo dole ni nyumba. Lala nalo, asubuhi kaulize.

Mikopo ya kwenye simu. Vijana wenzangu, hapa ndipo tunapoumia sisi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Shangazi anakopa kausha damu, sisi tunakopa kwenye simu tunajiona wajanja. Mwanafunzi mwenzangu alichukua 50,000 bumu lilipochelewa. Alipochelewa kulipa siku 2, wale watu wakawatumia ujumbe watu wote kwenye simu yake, mpaka mchungaji wake, kwamba ni tapeli na asikopeshwe. Alipoipakua ile programu aliiruhusu isome namba zake zote, alibonyeza tu "ndiyo, ndiyo, ndiyo". Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, na kitendo kile kinalalamikiwa pale. Yeye aliona aibu, akanyamaza, akalipa. Wale watu wanakula aibu yetu kuliko wanavyokula riba.

Kabla hujachukua mkopo wowote uliza maswali mawili kwa sauti, mbele ya mtu: jumla nitarudisha shilingi ngapi, na nikichelewa siku moja inaongezeka ngapi? Halafu omba kuona leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka hata mtu binafsi anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Ukiona anakasirika kuulizwa, umeshapata jibu lako. Na ondoka na nakala. Mistari mitupu ichore msalaba kabla hujasaini.

Tugeukie akiba, maana kuna waliokwishafika kwenye "sasa hela niweke wapi".

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hamwamini mtu. Alikuwa akitusimulia kwamba baada ya Vita vya Kagera Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na ile miezi 18 yeye aliihesabu mpaka akaacha kuhesabu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Halafu 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, ukikutwa na bidhaa nyingi ndani wewe ni mlanguzi, watu wakatupa vitenge na sabuni usiku. Bibi alitoka hapo na somo lake mwenyewe: weka vinavyojiotesha. Mihogo nyuma ya nyumba na kuku. "Muhogo haupekuliwi," alikuwa anasema. Sisi tunaopanga vyumba viwili Mbagala hatuna pa kuotesha muhogo, lakini nimemuelewa: akiba yote isiwe ya aina moja.

Na yeye huyo huyo alikuwa na hela kwenye godoro. Tulizikuta alipofariki. Kati yake kulikuwa na noti za zamani, zile za kati ya 1985 na 2003. Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Sisi tulifungua lile godoro Juni. Ilikuwa 140,000. Tunazo mpaka leo, mdogo wangu anachezea duka.

Benki nayo si mwamba. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa siku moja. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inamlinda mwenye akaunti mpaka shilingi 1,500,000 tu, aliyekuwa na zaidi akasubiri ufilisi uishe. Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa ikawa 7,500,000. Wengi wetu hatuna milioni saba na nusu, kwa hiyo kwa mtu kama mimi benki yenye leseni ni salama kuliko godoro. Kikoba hakina bima hiyo. Sisemi msiingie, kikoba ndicho kilichonilipia ada ya muhula wa pili. Nasema kisisajiliwe kwa mdomo, na daftari lisikae kwa mtu mmoja ambaye ndiye pia mwenye ufunguo wa sanduku.

Nyumbani kwetu sasa tumegawa hivi. Kuna taslimu ya siku 5 za chakula, kwa bei ya Mangi akiwa amefunga dirisha nusu, siyo bei ya kawaida. Kwetu ni 60,000, noti ndogo ndogo, kwa sababu siku zile ukitoa 10,000 chenji hakuna. Kuna chakula cha wiki 2 ambacho tunakila na kukirudishia, si cha kutunza mpaka kibunguliwe. Mtaji wa mama uko kwenye laini nyingine kabisa, hauchanganywi na ya nyumbani hata kwa nauli. Hii ya mwisho ndiyo ngumu. Tumeshagombana mara tatu. Kaka yangu anaona ni dharau: pikipiki imepasuka tairi, mama ana hela, kwa nini akakope nje? Mama akamjibu hela ile si yake, ni ya maharage.

Naomba niliseme na hili, linatuhusu sisi kuliko wengine. Kuna kamanda wetu, simtaji, alikamatwa akakaa ndani siku 9. Simu ikachukuliwa kama kielelezo. Hela yote ya nyumba ilikuwa kwenye simu ile, na namba ya siri anaijua yeye tu. Mke wake ana watoto wawili, wa mwisho ananyonya. Chama tulichangishana, ndiyo, lakini mchango wetu wa kwanza ulifika siku ya 4. Siku tatu za kwanza alikopa kwa jirani. Kamanda huyu ni mtu mzuri, hakumnyima mkewe kwa ubaya. Hakuwahi kuwaza kwamba yeye na simu yake wanaweza kuondoka pamoja.

Wewe uliyeamua kufanya siasa hizi zetu, mwachie mtu wa nyumbani hela yenye jina lake, kwenye laini yake. Si lazima nyingi. Na muachie bahasha: nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, majina na namba za watu wawili waliokubali kukudhamini wakiwa na akili timamu, namba ya wakili wa chama, mkataba wa pango. Wadhamini wengi hukwama kwa barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mjue mapema ofisi inafunguliwa lini na nani anasaini. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Akiombwa hela, aombe risiti. Na huyo mdhamini wa polisi si sawa na mdhamini wa kausha damu, usije ukaniambia nimekukataza.

Najua kuna mtu anataka kuuliza: haya yote, mbona umetuachia sisi mzigo? Ndiyo maana nina kazi ya chama pia. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya madudu kuonekana, ikarudi 2024. Mama yangu anastahili mkopo ule. Anauza chakula mita 300 kutoka ofisi ya kata na hajawahi kuona tangazo. Basi kwenye mkutano ujao wa mtaa twende watu 20, tusiimbe, tusivae hata magwanda. Tuulize: kata yetu imepata shilingi ngapi, vikundi gani, marejesho yakoje? Tuombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Wakikataa kujibu, hapo tutakuwa na hoja ya kuimbia.

Nilikuwa nimalizie hapo, ila mama mmoja pale kivulini aliniita kabla sijapanda, akaniambia: "Mwanangu, wewe unasema tusisaini. Mimi nimeshasaini, tena kwa watu watatu. Sasa?"

Mama, kwanza usikope wa nne kuwalipa hao watatu. Pili, nenda kabla ya siku ya kushindwa, usingoje wakufuate, na uende na mtu. Waombe kwa maandishi wakuonyeshe ulichokwishalipa na kilichobaki. Mwenye leseni atakupa. Asiye na leseni ndiye tutakayeanza naye, tutaandika malalamiko Benki Kuu na nakala tutampelekea mwenyewe. Mama yangu alifanya hivyo kwa kuchelewa, friji ilirudi, televisheni bado.

Mimi si wakili, bado nina mwaka mmoja na mitihani yake. Lakini kusoma najua. Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka saa 11, na yupo wakili wa jimbo atakayepitia yale magumu. Leteni karatasi zenu, hata zilizokunjwa kwenye khanga. Mama wa watu watatu, wewe uwe wa kwanza.